Mstari wa Bi. Edelmira Nyuma ya Pakiti

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, Bi. Edelmira Gareis anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Garza Mora, hapa San Salvador, mji wetu wa mpunga, kwa miaka thelathini na moja na miezi minane. Tarehe aliichagua mwenyewe, na aliichagua kwa utani. Kila tarehe 29 sisi hula nyoki, vile vitonge vya viazi na unga; na mfanyakazi hewa naye tunamwita nyoki, kwa kuwa haonekani ofisini ila siku hiyo, anapokuja kuchukua mshahara. "Nimekuja kila siku miaka yote hii," alisema. "Niacheni nami niwe nyoki mara moja kabla sijafa."

Kamati ya kumuaga imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani ni kwa sababu mimi ndiye niliyemchosha kuliko wote.

Aliajiriwa Machi 1993 kupiga chapa barua. Simu ya wateja ilimwangukia kwa sababu moja tu: meza yake ilikuwa karibu nayo. Siku hizo tulisaga kila kitu, mchele wetu na ngano ya jirani, na mbele ya pakiti za unga wa mchele tuliandika SIN TACC kwa moyo mweupe. Herufi hizo mgonjwa wa siliaki wa nchi hii huzitafuta kabla hajatazama kitu kingine, maana zinamwambia humu hamna ngano, shayiri wala ndugu zao wanaomharibia utumbo. Mwaka 1996 mama mmoja wa Paraná alipiga kuuliza kama herufi zile ni za kweli. Bi. Edelmira alimwomba asubiri, akashuka kinuni, akarudi na unga kwenye pindo la sketi. "Mama, usinunue," akamwambia. "Mashine ni moja, na asubuhi hii imesaga ngano."

Mwenye kiwanda wakati huo, marehemu don Anselmo Taborda, alimwita ofisini. "Edelmira, nakulipa unifukuzie wateja?"

"Unanilipa nipokee simu, don Anselmo. Ukitaka wa kudanganya, tafuta mwenye sauti tamu. Mimi yangu ni ya kuku."

Miezi mitatu baadaye ngano ilihamishwa, na tangu hapo kinu chetu hakijaisaga tena. Yote tunayouza leo, unga wa keki, wa pizza, wa mikate, yameota kutoka simu ile moja ya kumkataza mtu kununua.

Kuna pia habari ya mate. Namaanisha kinywaji chetu cha majani, ingawa mrija mmoja ukishapita vinywani mwa watu kumi sijui kama maana ya pili iko mbali. Wakati wa mapumziko kibuyu kilizunguka, nasi tulikisindikiza na biskuti tulizonunua duka la jirani. Ramiro wa idara ya kufungasha, siliaki pekee kati yetu, alikuwa akikataa kila zamu, na sisi tukamsema kuwa anaringa. Ni Bi. Edelmira aliyetazama mrija, akaona makombo. "Mnauzia watu tahadhari," akatuambia, "na wenzenu mnawanywesha biskuti." Tangu siku hiyo amekunywa mate na Ramiro tu, kibuyu chao, mrija wao, kona ya dirisha. Bi. Edelmira mwenyewe ngano haimdhuru, alishapimwa. Lakini ndani ya lango hili hajawahi kuila. Andazi lake la asubuhi hulila akiwa amesimama nje, kisha anasukutua na kunawa mikono bombani ndipo aingie, mvua inyeshe isinyeshe.

Mimi nilikuja mwaka 2008 kusimamia matangazo. Nilikuwa na nywele. Siku ya kwanza akaniita Kipara, nikadhani ni mzaha, kumbe utabiri.

Nilikuja na akili za mji mkuu. Wagonjwa wa siliaki ni wachache, nikawaambia wakubwa, lakini waliochoka ni wengi: wenye tumbo kujaa, kichwa kuuma, usingizi wa mchana. Tukiwaambia hao wote kwamba adui ni mkate, tutauza hadi tukose magunia. Nikaandika kijikaratasi, "Siku kumi na tano bila ngano, uone mwenyewe", nikakisambaza hadi kwenye maduka ya dawa. Kiliuza kweli. Nilipewa saa ya mkononi. Ilisimama mwaka uliofuata.

Mmoja wa waliokisoma alikuwa Celso Brem, fundi umeme wa Villaguay. Binti yake Maitena alikuwa na miaka tisa na mwili wa mtoto wa miaka sita. Alimwachisha ngano kama nilivyoshauri, na mtoto akaanza kunawiri. Ndipo akampeleka kupimwa. Damu ikasema hana kitu, kwa sababu kipimo kile hutafuta vita vya mwili na ngano, na vita vilikuwa vimesimama tangu mkate uliposimama. Bibi ya mtoto akasema, mnaona, mtoto mzima huyu, akamrudishia mkate. Mtoto akaanguka tena. Wakamwachisha, akapata nafuu, wakampima, hana kitu, wakamrudishia. Mwaka mmoja na nusu.

Celso alipopiga simu kwetu hakulalamika. Alitaka kujua kama tunauza unga wenye nguvu zaidi.

Bi. Edelmira alimtafutia daktari mwenye kuujua ugonjwa huu, na daktari akaamua lililo gumu: mtoto ale ngano tena kwa wiki kadhaa, makusudi, ndipo apimwe. Kila siku ya wiki hizo Bi. Edelmira alimpigia Celso. Tulimsikia wote, ukuta ni mbao. "Leo amekula? Ametapika mara ngapi? Mpe simu niongee naye. Haya mwanangu, niambie, mwalimu wenu bado anavaa lile shati la maua?" Kipimo kilipotoka kikasema siliaki, bila shaka yoyote. Akakata simu, akaja mezani kwangu na kijikaratasi changu.

"Kipara, nisomee. Kwa sauti."

Nikasoma.

"Nionyeshe mahali nilipoambiwa nikapimwe kwanza."

Nikasoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko anaojua umetoboka. Hapakuwa na mahali.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka. Alikaa na kalamu yangu, akaandika mstari mmoja, na don Anselmo akaamuru uchapwe nyuma ya kila pakiti: *Usiache ngano kabla hujapimwa.* Maneno manne. Katika miaka yangu yote ya matangazo sijaandika manne yenye maana kiasi hicho, na haya yanamwambia mteja asinunue bado.

Msidhani niliongoka papo hapo. Miaka michache baadaye nami nilianza kuchoka. Asubuhi nachoka, jioni nachoka, mkutanoni ndiyo usiseme. Nikawa tayari kuacha mkate, lakini kwa aibu nikapimwa kwanza. Nikampelekea majibu. Akayasoma, akayakunja vizuri. "Huna siliaki, Kipara. Umechoka tu. Kwa hilo hatuna unga."

Naye amechoka, na leo tuliseme. Simu zimebadilika. Zamani walipiga wazazi wenye hofu. Siku hizi wanapiga watu wanaotaka kupungua kabla ya kiangazi, waliosikia kwa msanii fulani kwamba gluteni inazeesha ngozi. Kila mmoja amemjibu jambo lile lile, "Umepimwa?", na wengi wamemkatia simu. Nilimwuliza mwaka jana haoni kama anafagia upepo. Akasema, "Nafagia, ndiyo. Mara moja moja kwenye vumbi kunakuwa na pete."

Sasa nifike kwenye la leo. Wenye kiwanda wapya, walio mji mkuu, waliagiza mwezi Septemba sura mpya ya pakiti. Korongo wa nembo yetu kawa mwekundu, herufi zimekonda, na mstari wa Bi. Edelmira umeondolewa. Barua ilieleza kwamba "unamsitisha mteja". Ilihitajika saini ya msimamizi wa matangazo tu, yaani mimi.

Wiki hiyo hiyo kamati ilimwuliza Bi. Edelmira angependa zawadi gani. Tulifikiria kiti cha kupumzikia. Alisema kiti anacho. "Niachieni mstari wangu. Mimi nikiondoka, nani atawauliza?"

Wenzangu mnanijua. Mimi ndiye niliyekula keki ya majaribio iliyokuwa mbichi katikati, nikaisifu kwa sababu mpishi alikuwa ananitazama. Karatasi ile ya kusaini ilikaa mezani kwangu wiki tatu chini ya kikombe. Nilikuwa nikisikia sauti ya kuku kupitia ukutani, "Umepimwa? Umepimwa, mwanangu?", kila siku ikikwaruza zaidi kidogo kuliko jana. Mwishowe nilipeleka karatasi kwa mchoraji, mstari ukarudishwa mahali pake, nikasaini, ikaenda kuchapwa. Kisha nikawaandikia wakubwa kuwaarifu nilichofanya, kwa mpangilio huo. Wamenijibu. Jumatatu nina safari ya mji mkuu, na sijui nitarudi na meza au bila meza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nyoki za leo ni za mchele na muhogo, na Ramiro ameketi upande wa kulia wa mgeni wetu wa heshima na kibuyu chao. Kabla hazijapakuliwa, kila mmoja achukue pakiti mpya iliyo katikati ya meza yake, aigeuze nyuma, asome. Wewe, Bi. Edelmira, usihangaike kutafuta miwani. Umo.

Tunakushukuru kwa kila mteja uliyetufukuzia. Maisha yako ya mbele yawe ya polepole. Simu ikilia, mwache mwingine aipokee. Na kesho asubuhi kula andazi lako la ngano umeketi, mezani kwako, bila bomba wala mvua. Wewe ulishapimwa.