Bi Rukia Alikataa Nakala ya Bure

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hapana, hiyo sauti ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Naam, hapo sasa.

Mimi ni Mama Upendo, fundi wa nguo kule Ganjoni na kiongozi wa kikundi cha maigizo cha kanisa hili. Leo nasimama kifua mbele kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uchungu ulionikaba hata sala zikanishinda.

Ndugu zangu, mnaikumbuka ile sinema yetu. Tuliipiga Mji wa Kale, nyumbani kwa Bi Rukia, mteja wangu wa siku nyingi, Mwislamu mcha Mungu, aliyetufungulia mlango na kukubali kuigiza nyanya. Nguo zote nilishona mimi. Ndugu Baraka, karani wa bandarini, alimaliza likizo yake yote akiwa nyuma ya kamera. Tukaiweka mtandaoni, mtu alipie kwa simu ndipo aitazame, tupate cha kutengenezea sinema ya pili.

Haikukaa, ikazagaa! Kwenye flashi, kwenye simu, kila mahali. Na aliyeisambaza si mwizi wa mtaani. Ni sisi! Kina mama wa ushirika waliinakili wakaigawa nyumba hadi nyumba, kwa moyo mweupe kabisa, wakisema kazi ya Mungu haiuzwi, huu ni uinjilisti. Jumapili moja Mchungaji akatuita mbele tupigiwe makofi, akasema ameitazama kwenye flashi na imembariki. Mkapiga vigelegele. Mimi nikalia. Mkasema, mwoneni, Roho amemgusa! Roho gani? Ilikuwa hasira, ndugu zangu! Baraka alikuwa ameshaniambia kwamba hakuna anayelipia, amechoka, kamera anaiuza.

Nikanuna. Nikaacha maombi ya Jumatano. Na sikusema neno, maana niliogopa kuitwa mpenda pesa.

Mungu akamtumia Bi Rukia. Nilikuwa kwake nikimpima dera alipoingia dada mmoja wa hapa kanisani, furaha tele, amemletea sinema kwenye flashi iwe zawadi. Bi Rukia akaipokea, akaigeuzageuza, akamrudishia.

"Ahsante mwanangu, lakini siichukui. Walioitengeneza umewauliza?"

"Lakini Bi Rukia, si na wewe umo ndani?"

"Ndiyo maana! Nimemuona mama huyu akishona mpaka vidole vikamvimba. Nile haki yake, kisha nimtazame usoni vipi?"

Halafu akanigeukia mimi. "Nawe wanyamaza kwa nini? Kazi yako mwenyewe waionea haya?"

Haleluya! Kitu kilifunguka kifuani. Jumapili iliyofuata nikasimama hapa hapa, nikawaambia: mlichofanya mmekifanya kwa upendo, lakini mmetumaliza. Nikasema moyoni, leo nafukuzwa. Aliyeinuka wa kwanza ni yule dada wa flashi. Akaja akanikumbatia, akasema, "Mama Upendo, hatukujua. Tusameheni." Siku hiyo pale nje watu walikuwa wakifuta nakala kwenye simu zao, na kulipia sinema waliyokwisha kuitazama! Nikampigia Baraka nikamwambia, kamera usiiuze. Alilia, mwanamume mzima.

Ndugu zangu, uchungu umekwisha. Nasali, nalala, nashona nikiimba. Sinema ya pili tumeimaliza, na nasema bila haya: ni nzuri kuliko ile! Wewe uliyefungia jambo kifuani, mkabidhi Bwana, kisha ufungue mdomo. Atasimama nawe kama alivyosimama nami.

Jumamosi tunaionyesha hapo ukumbini. Bi Rukia ameigiza tena, na tiketi yake amekwisha kuinunua. Amesema kiti cha mbele kabisa ni chake, asikalie mtu. Meza ya tiketi iko mlangoni. Karibuni nyote.

Nawe pia, Mchungaji!