Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Callixte Byamungu, 1968–2017

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Plymouth, Maplewood na mbali zaidi, nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Walungu: mimi ni Maombi, dada mkubwa wa mjane. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeniomba nisome wasifu wake. Alisema, "Shemeji, utasoma ni weye. Weye hauamini mutu." Sikujua kama ni sifa au ni tusi, nikakubali. Karatasi mlizoshika zilichapwa jana, nami nilisimama kando ya mashine mpaka ya mwisho ikatoka, kwa sababu nilisikia kuna mtu anataka kuongeza sentensi.

Mwalimu Callixte Byamungu alizaliwa Walungu, Kivu Kusini, tarehe 11 Machi 1968, kifungua mimba wa marehemu Mzee Byamungu na marehemu Mama Alice. Mdogo wake Sosthène alizaliwa miaka kumi baadaye. Ndugu hawa walifanana sura na sauti, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nimwangalie Sosthène mara mbili.

Alisoma shule ya msingi Walungu na sekondari Bukavu, kisha akahitimu ualimu wa historia hukohuko mwaka 1992. Mama yake alitaka awe daktari. Yeye alimjibu kwamba historia nayo ni udaktari, ila mgonjwa amekwisha kufa, na wanaodanganya ni jamaa zake.

Kuanzia 1993 alifundisha katika shule moja ya wasichana Bukavu. Somo lake lililopendwa kuliko yote lilihusu mabinti wa mfalme wa Denmark. Mkubwa, Alexandra, aliolewa na mrithi wa ufalme wa Uingereza mwaka 1863. Mdogo wake, Dagmar, alichumbiwa na mrithi wa Urusi, lakini kijana huyo aliugua akafa mwaka 1865. Mwaka uliofuata Dagmar akaolewa na mdogo wa marehemu. Wasichana walikuwa wakipiga kelele darasani: "Mwalimu, kumbe na Wazungu wanarithi bibi!" Naye aliwaambia: inasimuliwa kwamba yule mchumba, akiwa kitandani mwa mauti, aliushika mkono wa Dagmar akauweka katika mkono wa mdogo wake. Halafu aliuliza, "Inasimuliwa na nani? Nani alikuwa chumbani? Na Dagmar, nani alimuuliza?" Msichana aliyejibu "haijulikani" alipata alama zote.

Alifunga ndoa na mdogo wangu Ernestine tarehe 14 Agosti 1999. Siku alipokuja kwetu kuposa mvua ilikuwa inanyesha na njia yote ni tope, lakini yeye aliingia na viatu vinavyong'aa. Nikashuku papo hapo. Mtu asiyechafuka kwenye tope ana gari la kuazima au ana mambo. Nilipotoka nje nikaona nyayo za miguu mitupu toka barabarani hadi mlangoni. Kumbe alikuja peku, viatu kwapani, akavaa kizingitini. Nikarudi ndani nikawaambia wazazi kwamba huyu anafaa.

Vita vilitutoa Bukavu mwaka 2004, tukaishi Nairobi, ambako mimi niliolewa na Naftali, Mkenya. Mwalimu alisema sasa mabinti wa Denmark wametimia, mmoja kaenda Uingereza na mwingine Urusi. Alijua kwamba wale dada waliwahi kuvaa mavazi ya kufanana huko London mwaka 1873, basi kila sikukuu alitununulia kitenge kimoja. Leo tumevaa cha mwisho alichonunua. Mwaka 2012 familia ilifika Minnesota ikakaa Blaine. Mwalimu alifanya kazi kiwandani Plymouth, akifunga mirija ya hospitali, na saa ya chakula aliwafundisha wenzake historia bila kuombwa.

Septemba 2016 alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa kansa ya kongosho. Sosthène ndiye aliyempeleka hospitali Maplewood kila wiki, alisafisha theluji mlangoni, alileta mboga. Kikulacho ki nguoni mwako, nami sikuacha kumchunguza. Mara nyingi nilimwona amekaa garini nje ya nyumba, injini inanguruma, akinong'ona kwenye simu, na nikikaribia anakata. Nikajua anapanga na wazee wa Walungu jinsi ya kumrithi mdogo wangu. Mume wangu alinisema: "Maombi, wewe hata malaika akikuja uta-mu-ask ID?" Nikamjibu ndiyo, hasa malaika.

Mwalimu aliaga dunia Alhamisi tarehe 19 Januari 2017, alasiri. Chumbani tulikuwa watatu: Ernestine, Sosthène na mimi. Nililia siku ile, na ninalia hata sasa, mtanisamehe.

Kabla wiki haijaisha, habari ikafika kutoka Walungu. Mzee Bahizire, baba mdogo wa marehemu, alisema Callixte aliushika mkono wa Ernestine akauweka katika mkono wa Sosthène. Kwa hiyo msomaji wa wasifu amtaje Sosthène hapa kaburini, mwishoni kabisa kabla ya udongo, maana kwao atajwaye hapo ndiye mrithi wa mke na nyumba, na likishatamkwa halirudi.

Baba Bahizire, nakuheshimu. Lakini mimi nilikuwa chumbani. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa na mrija, umefungwa kwa plasta. Wa kushoto nilikuwa nimeushika mimi, tangu asubuhi hadi mwisho. Kama mkono ndio unaorithisha, basi mrithi ni mimi, na mume wangu Naftali amesimama pale mbele, anaweza kulalamika.

Juzi nilimweka Sosthène jikoni Blaine mbele ya Ernestine, nikafunga mlango. Nikamwuliza nani aliyepeleka hadithi ile Walungu. Akasema, akiniita dada kwa lugha ya kwetu, "Yaya, sikusema kitu. Wazee wananiambia, donc, basi, nainamisha kichwa tu. Na mie, nani aliniuliza?" Nikamwuliza basi alikuwa akinong'ona na nani garini. Akainuka akazima birika lililokuwa linachemka. Kisha akataja jina la Gentille, binti anayefanya kazi Maplewood, ambaye wamechumbiana tangu mwishoni mwa mwaka jana. Alishindwa kutangaza furaha huku kaka yake anakufa. Nilimpigia Gentille palepale kuhakikisha. Ni kweli.

Halafu nikamgeukia mdogo wangu. Niliogopa, nasema wazi. Ernestine amekuwa mtu wa kusema ndiyo tangu utotoni, na akisema ndiyo kwa uchovu, mimi nitafanya nini? Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Tangu Callixte afe, watu wote wanaongea juu yangu. Ni weye wa kwanza kuniuliza." Kisha: "Mie ningali bibi ya Callixte. Nitabakia kwa nyumba yangu na watoto yangu. Wakishanizika na mie, ndio waulize tena."

Nilimwomba arudie, Sosthène akisikia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Marehemu ameacha mke, Ernestine. Watoto wawili, Kasika na Zachariah. Mdogo wake Sosthène pamoja na mchumba wake Gentille, yule mwenye koti la kijani, msalimieni. Shemeji zake Naftali na mimi. Baba yake mdogo Mzee Bahizire. Na wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu.

Baba Bahizire, najua unasikia, Kasika ameinua simu juu. Hapa ndipo jina lingetajwa. Nimefika, nimesimama, na sitaji mtu. Mliopo mkiulizwa kesho, semeni mlikuwapo na mlisikia kimya hiki kwa masikio yenu.

Bwana akupokee, Mwalimu, akupumzishe. Sasa wekeni udongo.