Rimu Nne za Isaya

Pale Mukendo, njia ya kushuka ziwani inapokutana na ile ya kwenda hospitali, kuna ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya mawe mawili, na hicho ndicho kijiwe. Lori lenyewe lilikuwa la kubeba pamba. Aliyekuwa dereva wake, Baltazari, hukaa hapo kila asubuhi, na watu humwita Mzee Gia kwa sababu mkono wake wa kushoto haujatulia tangu astaafu, bado unatafuta gia. Kando yake hukaa Clementi, ambaye aliandika kumbukumbu za mikutano ya ushirika mpaka jina la Katibu likamganda, na hadi leo hasemi neno bila kuomba nafasi. Wa tatu ni Keraryo wa bodaboda, aitwaye Redio, kwani hazimwi. Kahawa ni ya Marieta, na huyo kazi yake ni kumimina na kusikiliza, maana mwenye birika hapewagi zamu ya kuzungumza.

Isaya wa Suguti hakuwa mtu wa kijiwe. Lakini tangu amlaze mkewe Hyasinta hospitalini kwa upasuaji wa uvimbe tumboni, alikuwa akija hapo kungoja saa ya kuona wagonjwa, na kungoja huko kukamfanya mwenyeji. Kwa hiyo asubuhi ile aliposimamisha gari lake, lile kuukuu la mgongo mrefu analobebea mihogo, wote walisogea kumpisha akae. Hakukaa. Alizunguka akainama mbele ya gurudumu la kulia, akalitazama kama mtu anavyotazama kwato za ng'ombe anayechechemea.

Mkewe alikuwa anaruhusiwa siku hiyo, na gari lilikuwa linanuka mpira ulioungua.

Wakamuuliza kulikoni, naye akawaeleza. Siku aliyokuwa anamleta Hyasinta, gurudumu moja liligonga jiwe katika njia ya Suguti, rimu ikapinda. Alifunga spea wakafika. Kisha mkewe alipotoka chumba cha upasuaji salama, madaktari wakasema apumzike, Isaya alitumia nafasi ile kwenda Bunda kwa muuza spea za mitumba, akachagua rimu nne zinazong'aa, zikiwa na matairi mapana. Muuzaji alimwambia gari litatulia barabarani kama godoro. Isaya alihesabu mashimo ya boliti kwenye rimu, manne. Akahesabu kwenye gari, manne. Moyo wake ukatulia. Wakafunga, zile za zamani akazitia nyuma ya gari, akaondoka.

Hakufika mbali. Gari likikolea mwendo, usukani unatetemeka. Akikata kona, hasa ya kulia, chini kunasaga.

Kulikuwa na jambo jingine la siku ile ya kuja hospitalini, ambalo Isaya hakulisimulia.

— Mashimo yaliingia yote? aliuliza Mzee Gia.

— Yote, mzee.

— Basi gari halina ugonjwa. Linazoea tu. Hata ng'ombe wa jembe, ukimfunga nira na mwenzake asiyemjua, siku ya kwanza wanasukumanaga mpaka jioni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katibu aliomba nafasi, akapewa. Alisema kwa utaratibu kwamba rimu za mitumba zinatoka nchi za baridi, na chuma cha baridi kimesinyaa. Kikikutana na jua la Musoma kinavimba, na kikivimba lazima kiguse vitu. Ushauri wake ulikuwa gari liwekwe kivulini, rimu zimwagiwe maji, zisubiriwe. Haraka haraka haina baraka.

Redio alicheka, akasema wazee hawajui mambo. Kwa maelezo yake, rimu zile zilitoka kwenye gari la nchi ambako watu wanapita upande wa kulia wa barabara. Zimeshazoea huko. Ukizileta huku kwetu kwa kushoto zinachanganyikiwa, ndiyo maana zinagomea kona moja.

— Mimi nilikuwaga na tairi ya pikipiki ilitokea kwa jamaa wa Sirari, alisema. Kila nikifika njia panda inataka kwenda Sirari. Nilihangaika nayo mpaka nikaiuza.

— Kwa hiyo tufanyaje? aliuliza Isaya.

— Tuhamishe. Za kushoto ziende kulia.

Mtu mwenye wasiwasi hushika hata unyasi. Isaya akatoa jeki. Wakalinyanyua gari, Redio akizungusha spana, Mzee Gia akiamuru, Katibu akishika nati kwenye kofia yake zisipotee. Magurudumu ya mbele yakabadilishana upande. Isaya akaenda kuzunguka mtaa, na kabla hajarudi walimsikia. Sasa lilikuwa linasaga kona zote mbili.

Alilinyanyua tena peke yake, akatoa gurudumu, akaliviringisha mpaka mbele ya ubao. Wote wakainama kulitazama. Upande wa ndani wa tairi kulikuwa na mstari ulionyolewa, mpira umekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Na kwenye gari, ile shokapu nene inayobeba uzito wa mbele ilikuwa inang'aa mahali tairi lilipokuwa likiilamba.

Mzee Gia aliinuka, jambo asilolifanya mara nyingi. Alichukua rimu ya zamani kutoka nyuma ya gari, akailaza kando ya ile mpya, akapitisha mkono ndani ya moja, kisha ndani ya nyingine.

— Tumbo la hii mpya limeingia ndani sana kuliko la hii ya gari, alisema. Na hili tundu la katikati ni kubwa. Rimu haikai kwenye kitovu cha gari, inaning'inia kwenye boliti tu. Ndiyo maana unatetemeka usukani.

— Lakini mashimo ni manne, mzee. Niliyahesabu.

— Mashimo ni salamu, kijana wangu. Ukisalimiana na mtu siyo kwamba mmekuwa ndugu.

Isaya aliketi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la breki, na aliitazama kama si yake. Lango la hospitali lilionekana pale alipokaa, wagonjwa walioruhusiwa wakitoka mmojammoja na watu wao. Aliwaza njia ya Suguti ilivyo, makorongo na mawe yake. Aliwaza tairi lile lililonyolewa likipasuka na Hyasinta akiwa ndani, kidonda kikiwa bado na nyuzi.

Kijiwe kiliona uso wake, kikamhurumia kwa namna kijiwe kinavyojua kuhurumia, yaani kwa kuongeza mawazo. Redio alisema watafute washa nene, zile pete za chuma, zipachikwe kati ya rimu na gari ili gurudumu litoke nje. Katibu alipinga kwa hoja kwamba ukilitoa nje litakula madigadi, hivyo ni heri kukata madigadi yenyewe kwa msumeno, na msumeno alikuwa nao nyumbani. Isaya akauliza, na likikuta shimo je, gurudumu si litabaki na washa zake njiani? Mabishano yakapanda. Mzee Gia, aliyekuwa amesema neno la maana muda mfupi uliopita, aliona asiachwe nyuma. Alishika kijiti akachora barabara mavumbini.

— Kabla halijahamishwa lilikuwa linasaga zaidi kulia, alisema. Basi turudishe yalivyokuwa, halafu aende Suguti kwa kona za kushoto tu.

— Inawezekana? aliuliza Katibu.

— Mimi nimeendesha mkoa huu miaka yote. Anatoka hapa, anapita Butiama, anateremkia Bunda, anazunguka na Guta...

— Guta ni ziwani, mzee, alisema Redio. Labda amalizie na mtumbwi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mzee Gia, na akaendelea kuchora.

Waliinamia mchoro ule wote watatu, wakibishana kona ipi ni ya kushoto, hata hawakumwona mwanamke aliyekuwa anakuja taratibu kando ya ukuta, mkono mmoja tumboni juu ya kanga, mwingine umeshika mfuko wa dawa. Marieta ndiye aliyemwona. Aliacha birika, akaenda kumpokea mfuko, akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

— Shikamoo mzee, alisema Hyasinta.

— Marahaba, mama. Pole sana na kuumwa.

Katibu na Redio nao wakampa pole, shemeji hapa, shemeji pale. Isaya alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono yake michafu. Alitaka kusema kwamba alikuwa anakuja sasa hivi kumchukua. Hyasinta alimwambia wamemruhusu mapema, akangoja langoni, akaona amfuate, kwani muuguzi alimwambia kutembea kidogo ni dawa. Kisha aliliangalia gari lililoinuliwa jeki, rimu inayong'aa iliyolala mavumbini, na yale magurudumu ya zamani yaliyorundikana nyuma. Aliyatazama kwa muda mrefu, bila hasira.

— Baba Esta, iliyopinda si ilikuwa moja?

— Moja.

— Ukafunga spea, tukafika.

— Tukafika.

— Sasa zile nne zilizotufikisha zilikuwa na kosa gani?

Redio alifungua kinywa. Alianza kusema kidole kimoja hakivunji chawa, akafika katikati akaona methali haimpeleki popote, akaiacha. Katibu hakuomba nafasi. Mzee Gia alikiweka kijiti chini. Marieta alimimina kahawa ya mwisho, akampa Hyasinta, kisha akakumbuka kwamba ni mgonjwa, akainywa mwenyewe.

Isaya ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, akiwa anamwangalia mkewe miguuni.

— Siku ile tulipogonga jiwe, ulilia. Sijawahi kukusikia unalia vile, hata ulipomzaa Esta. Nikasema nikikurudisha nyumbani, nisikurudishe na magurudumu yaleyale. Nilitaka usisikie jiwe hata moja.

Redio aligeuka kutazama pikipiki yake. Hyasinta alifuatisha mshono wa mfuko wa dawa kwa kidole, halafu akasema kwamba jiwe lile hata hakulisikia vizuri.

— Nilikuwa nimegeuka naangalia nyuma. Nyumba ikapotea kwenye ile miti ya kwa Makoye. Nikawaza, pengine ndiyo naiona mara ya mwisho. Ndiyo nikalia. Jiwe lilikuja tu wakati huohuo.

Isaya alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje.

— Siku zote hizi sikujua.

— Ungejuaje, na sikukwambia. Nirudishe nyumbani, Baba Esta. Hata kwa mkokoteni wa ng'ombe nitaenda.

Basi kazi ikaanza, na safari hii hakuna aliyetoa nadharia. Zile rimu zinazong'aa zikatolewa zote. Isaya akatafuta nati za zamani, maana hizi zilizokuja na rimu mpya zilikuwa ndefu na ncha zake hazikuendana na matundu ya rimu za zamani. Alizikuta kwenye mfuko wa sukari chini ya kiti. Magurudumu matatu ya mwanzo na spea yakarudi mahali pake, kila moja likiingia kitovuni kwa mlio mdogo uliotulia. Mzee Gia alipita akijaribu kila nati kwa mkono wake, na aliyoikuta ina wasiwasi alimrudisha Redio kuikaza. Isaya akaendesha mpaka kona ya chini na kurudi. Hakukusaga kitu. Kuhusu ile iliyopinda, Mzee Gia alimshauri asiinyooshe kwa nyundo, bali siku akienda Bunda kurudisha zile, aibebe mkononi, atafute pacha wake kwa tumbo na kwa tundu la katikati, siyo kwa mashimo peke yake.

Wakampandisha Hyasinta kiti cha mbele, kanga imekunjwa chini ya mkanda usimkwaruze. Marieta alimpa kashata kupitia dirishani, akamwambia ni za watoto.

Njiani Isaya aliendesha kama mtu aliyebeba mayai mapajani. Kila akikuta shimo alisimama kwanza, akalipima, kisha akaliingia gurudumu moja baada ya jingine. Baiskeli ya muuza dagaa iliwapita. Baadaye bibi mmoja mwenye kuni kichwani naye aliwakaribia, karibu awapite. Hyasinta alianza kucheka, akashika tumbo, akamwomba aongeze mwendo kabla nyuzi hazijakatika kwa kicheko. Akaongeza. Mawe yakagonga chini, gari likaruka kidogo, naye Hyasinta alikuwa ameinua shingo anatazama mbele.

Walipofika uani, Isaya alizima gari haraka, akazunguka kwenda kumfungulia mlango amsaidie kushuka taratibu, kama madaktari walivyosema. Alikuta mlango wazi na kiti kitupu. Mkewe alikuwa ameshafika jikoni, amesimama katikati, mkono tumboni, anauliza ni nani amekihamisha chungu chake cha mboga.