Mvinje wa Bakulini

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti wetu alitaka nianze kusema mapema, nikamwomba tungoje mmalize chai kwanza. Sababu yake mtaijua. Majina ya watu sitayataja. Wenye majina yao wapo, na mmoja amekaa safu ya mbele, ananitazama.

Wengi mnanijua kama yule mama wa miti. Kabla ya miti nilikuwa wa vitumbua. Mume wangu alishafariki, nimebaki na binti mmoja, na vitumbua ndivyo vilivyotulea. Kisha nikaanza kukohoa. Nilisingizia moshi wa kuni mpaka siku nilipotema damu. Hospitali wakasema kifua kikuu. Nikapelekwa mbali, nikalazwa, nikachomwa sindano mpaka mahali pa kukalia pakanigomea. Binti yangu alichukuliwa na mama mkwe, Mbagala. Namshukuru kwa hilo, na nalisema mapema msije mkamwona mbaya.

Nikapona. Daktari alisema kwa kinywa chake: huambukizi mtu tena, nenda kaishi. Lakini daktari yule hakai Temeke.

Asubuhi ya kwanza nikapanga vitumbua kwenye sinia, nikakaa pale pale pangu barazani. Akapita jirani.

"Karibu vitumbua, shoga."

"Ahsante mwenzangu, leo nimefunga."

Akapita wa pili, naye kafunga. Wa tatu akavuka njia kabla sijamkaribisha. Nyie mnanijua, mie kila kitu nahesabu mara mbili. Niliwahesabu waliofunga, nikarudia. Mtaa mzima ulikuwa umefunga, na Ramadhani ilikuwa bado mbali. Jioni vitumbua nikawamwagia kuku. Kuku walikula. Nilikaribia kuwabusu.

Nikaenda Mbagala kumchukua mwanangu. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka, mkeka wa peke yangu. Binti yangu alisimama nyuma ya nguzo kama alivyofundishwa. Hakunikumbatia.

"Mama, nimekuja kumchukua mtoto."

"Utamlisha nini, na nasikia hawanunui?" Akamtazama mtoto. "Mwanangu, mie sikuchukii. Nilimzika mumeo, sitaki kumzika na mjukuu. Siku nitakapoona mtu mzima, mwenye akili zake, anakula au anakunywa mkononi mwako bila woga, njoo umchukue."

Ndugu zangu, nawaambia, nimewahi kupatana bei na wauza samaki mpaka wakaniapiza. Kwa mama yule sikupunguziwa hata chembe.

Nikaingia Uhindini kuuza kikaango changu cha vitumbua. Kwenye duka la mzee mmoja nikakuta mti juu ya meza. Ulikuwa mti mzima: shina limepinda, gome limepasuka, majani kama nywele, ila urefu wake haufiki kiwiko. Umeota kwenye bakuli pana lisilo na kina.

"Mzee, huu mti unaumwa?"

Akacheka. "Mzima kuliko mimi. Wajapani wanauita bonsai."

Kaka yake alifanya biashara ya vitambaa huko Japani, ndiye aliyemfundisha kazi ile. Mti wenyewe ulikuwa mvinje, ila si huu wetu wa pwani, ni ndugu yake wa Australia. Mbegu aliletewa na baharia. Mabibi wa Kizungu walikuwa wanautaka, na yeye hakuwa nao ila huo mmoja. Miche mingine yote ilifika urefu wa kidole, ikageuka njano, ikafa.

Mie nilichosikia ni kimoja tu: hiki ni kitu ambacho watu wanakinunua na hawakili.

"Nipe hizo mbegu nikuoteshee. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Nusu? Mbegu ni zangu."

"Na jasho langu. Tena kwako zinakufa bure."

Akanitazama. "Mbona unahema hivyo, mama?"

"Nilikuwa na kifua kikuu. Nimepona." Nikangoja aniambie amefunga.

"Basi usibebe mikebe mizito ya miche," akasema. "Nusu kwa nusu."

Mbegu za mvinje ni nyepesi, zina kibawa. Ukipiga chafya umepoteza shamba. Sisimizi nao wanazibeba kama wamezilipia. Nikaweka mikebe juu ya mawe, na mawe ndani ya maji, wakashindwa kuvuka. Miche ikaota. Ikafika urefu wa kidole, ikageuka njano, vile vile kama alivyosema mzee.

Ilinipasa niihamishe kwenye mchanga mpya. Muuza mchanga akapandisha bei. Nikamkatalia, nusu ya miche nikaiacha kwenye mchanga wa zamani, nikachukua ndoo mpaka pwani, nikazoa udongo wa bure chini ya mivinje mikubwa, pamoja na majani yake yaliyooza. Nusu ile nyingine nikaipanda humo kwa sababu ya ubahili tu, wala msinisifu. Basi hiyo ya udongo wa bure ikarudi kijani. Niling'oa mmoja nikautazama: mizizini ulikuwa na vinundu vidogo, ile ya njano haikuwa navyo. Mzee alipokuja kuiona alisema, "Ubahili wako umeota majani, mama."

Kazi ya miti ile inataka upole. Unakata mzizi mkuu ungali mchanga, unazungushia shina waya wa shaba, unalipinda kidogo leo, kidogo tena siku nyingine. Ukiwa na haraka linavunjika mkononi. Ncha za majani unazinyofoa kwa kucha. Mie niliyekuwa siguswi na mtu, kutwa nzima nilikuwa na kitu cha kushika. Siku nyingine niliizungumzisha. Msicheke. Ilinisikiliza kuliko wengine wenu.

Miti ikaanza kununuliwa. Pesa ikaja, lakini pesa haikuwa sharti la mama mkwe. Nilipokwenda tena Mbagala sikubeba chakula, nilibeba mvinje mmoja kwenye bakuli.

"Wa kwako," nikamwambia binti yangu.

Akamtazama bibi yake. Bibi yake akautazama mti, akaona hauliwi, akamwachia. Mtoto akaja kuupokea, na vidole vyake vikagusa vyangu chini ya bakuli. Nikamwonyesha namna ya kunyofoa ncha. Njia nzima ya kurudi sikutaka kushika kitu kingine kwa mkono ule.

Miezi ikapita. Siku moja ya kiangazi, jua limesimama utosini, nikaona mtu anaingia uani kwangu na kapu kichwani. Mama mkwe. Alikuwa ametembea kutoka Mbagala, maana kwenye lori la nazi aliogopa mti utavunjika. Nyuma yake binti yangu.

"Mti wako unanyauka," akasema, hata salamu hakutoa. "Nimeufanyaje mie? Kila asubuhi naunyofoa kama ulivyomwonyesha huyu."

"Unauweka wapi, mama?"

"Chumbani. Mbuzi watautafuna."

"Mama, huo unataka jua. Ukikaa ndani unakosa mwanga."

Akauinua kwenye kapu, akaugeuza huku na huku, analalamikia mbuzi, analalamikia jua, jasho linamtiririka. Nikachota kata ya maji mtungini, nikamshikia tu, kwa mazoea ya zamani. Akaipokea bila kuitazama, jicho liko kwenye mti. Akanywa. Akanywa mpaka chini.

Ndipo akaitazama ile kata. Na mie nikaitazama. Binti yangu alikuwa amekodoa macho. Hapo nilihesabu pumzi zangu, na mara ya pili sikuzimaliza.

"Maji yako yana chumvi," mama mkwe akasema.

"Kisima cha Temeke, mama."

Akanirudishia kata. "Niongeze."

Nikamwongeza. Alipomaliza akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. "Nguo za mtoto ziko chini ya kapu," akasema. "Nilizibeba ili kuukinga mti. Zisirudi tena Mbagala."

Basi, namshukuru yule mzee wa duka, aliyesikia neno kifua akafikiria uzito wa mikebe. Namshukuru mama mkwe wangu, na asijifanye anatafuta kitu kwenye pochi, nimemwona. Nanyi nawashukuru kwa kunipokea chamani. Ninalowaomba ni hili: akirudi mtu kutoka hospitali na mkaogopa chakula chake, sitawalaumu, woga nao ni wa mwanadamu. Lakini tafuteni kitu kingine chochote cha kupokea mkononi mwake. Ua, ukili wa mkeka, hata kijiti. Muanzie hapo, msimwache mikono mitupu.

Na ile sababu ya kungoja mmalize chai: chai ya leo nimeipika mie, kwa mikono hii, na vitumbua ni vyangu. Wakati mnakusanya vyombo nilikuwa pale mlangoni. Vikombe vimerudi vitupu vyote. Nimevihesabu mara mbili.