Kipara Changu na Benchi la Msiba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, itikieni kwa nguvu, maana viti hivyo nimevikalia mimi muda mrefu na najua anayekaa hapo anapanga kutoka kabla ya baraka.

Mnanijua. Mimi ni Mama Upendo wa kule juu kwenye mikaratusi. Mzee wa kanisa ameniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa namwona mume wangu pale ameshaanza kucheka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishuka Soni natamani kurudi, nikifika Lushoto mjini kichwa kinaniuma. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kipo sandukuni chini ya mashuka, nacho hakitoki nje, kama mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo mambo ya mitindo yalimpataje? Ndicho nilichosimama kukishuhudia.

Mnakumbuka miaka ya ruksa ilivyoingia, biashara zikafunguliwa. Sisi tuliozoea foleni ya sabuni, gauni moja la sikukuu linavaliwa na madada kwa zamu, ghafla Soni imejaa vitu! Mitumba imemwagwa chini kwenye maturubai, mafuta ya kupaka ya kila rangi, viatu vya visigino virefu. Nani atatembea navyo kwenye miteremko yetu, Mungu anajua, lakini vilinunuliwa. Na kwenye duka la kaseti pale stendi ilitundikwa kalenda. Juu ya kalenda kulikuwa na mwimbaji mmoja wa bendi, dada wa mjini, nywele zimelala mabegani zinang'aa kama zimetoka kumwagiwa maji. Ndugu zangu, mwaka ule wanawake wa milima hii tulikuwa tunaingia dukani kuuliza tarehe! Watu ambao hatujawahi kuhitaji tarehe maishani!

Wala sisemi ilikuwa dhambi kumtazama. Alikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nimebeba karoti.

Wifi yangu Eliza, dada wa mume wangu, alikuwa anaishi Tanga, na kila akipanda kuja kwetu alikuja na kitu kipya kichwani. Mara kalikiti, mara nywele zimenyooka. Safari hiyo akaja na kopo la dawa ya kulaza nywele. Akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akanizungushia taulo shingoni, akaanza kupaka. Nilijisikia malkia. Kuku walikuwa wananizunguka.

"Wifi, inawasha," nikamwambia.

"Ikiwasha ndiyo inashika. Vumilia. Uzuri haupatikani umekaa unapepewa."

Nikavumilia. Akachukua ndoo kwenda bombani barabarani kuchota maji ya kuniosha. Ndugu zangu, Eliza alikuwa amevaa sketi mpya. Kila aliyekutana naye bombani alitaka kujua sketi imetoka wapi, imeshonwaje, inafuliwaje, na Eliza si mtu wa kumnyima mwenzake maelezo. Mimi nyuma ya nyumba nikaimba pambio lote. Nikalirudia. Nikaanza kulia. Nikajiambia, yule dada wa kwenye kalenda naye alilia hivi hivi, ngoja ishike. Ndoo iliporudi, utosi wangu ulikuwa umeshaiva.

Malengelenge, kisha vidonda, kisha nywele zikaanza kutoka zenyewe, konzi kwa konzi. Mganga wa zahanati akatazama akaguna. "Mama, nyoa zote, vidonda vipate hewa." Nikanyoa. Vidonda vikafunga, lakini katikati ya utosi likabaki kovu kubwa kama kiganja cha mtoto, linang'aa. Nilitaka kichwa king'ae, Bwana akasikia!

Mnacheka. Chekeni, nimewaruhusu. Lakini wakati ule sikucheka. Ninyi mnajua kwetu mwanamke mtu mzima akionekana na kipara, swali ni moja tu: nani amefariki? Nikitoka hivi, nitaulizwa marehemu ni nani, na nitasema ni nani? Nywele? Basi nikajifunga kilemba, nikakibana kwa pini, nikakaa ndani. Kwaya nikaacha, nikasema nina kikohozi. Kanisani nikahamia pale mlangoni. Kubeba tenga kichwani sikuweza tena, ngozi ilikuwa bado changa, hivyo mzigo nikawa naukumbatia kifuani, na majirani wakanitania kwamba siku hizi nabeba karoti kama mtu anayenyonyesha. Mwenye kuijua siri alikuwa mume wangu peke yake. Hata Eliza, aliyekuwa ameshuka Tanga kesho yake, nilimwambia yamepoa.

Na mwanangu Upendo hakujua. Hapo ndipo penye ushuhuda wenyewe.

Upendo alikuwa amemaliza darasa la saba, nywele zake zimeanza kuota baada ya miaka yote ya kunyolewa kwa ajili ya shule, na kipaimara chake kilikuwa kinakaribia. Akasema anataka dawa. Anataka siku ya kipaimara nywele zilale kama za dada wa kalenda. Kopo lilikuwa bado lipo juu ya kabati, nusu. Shangazi yake alikuwa ameshaahidi kuja kumpaka.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema."

"Wewe mwenyewe ulipakwa! Wewe ulipendeza, mimi nisipendeze?"

Ndugu zangu, nilikuwa na sababu nzuri kuliko sababu zote, nayo ilikuwa imefungwa kwa pini juu ya kichwa changu, na sikuweza kuifungua mbele ya mtoto wangu mwenyewe! Niliona haya. Kila siku nilisema kesho nitamwonyesha. Kila siku kilemba kikakazwa. Na mtoto akanuna, akaacha kunisemesha, akawa anahesabu siku za shangazi kufika. Nililifunga lile kopo kwenye mfuko wa plastiki nikalificha stoo, nikajua kabisa kwamba Eliza atakuja na jipya. Nikaomba, "Bwana, mwokoe mwanangu, ila usinivue kilemba." Ndiyo, niliomba hivyo! Nilimpangia Mungu namna ya kujibu!

Sasa sikieni alivyojibu.

Mume wangu alikuwa ameshuka Muheza na lori la kabichi. Mimi ikabidi niende Soni mwenyewe kutafuta gauni jeupe la Upendo. Nikainama kwenye rundo la mitumba, na kweli, chini kabisa nikaliona: jeupe, lasi kifuani, mikono mirefu inayofaa baridi yetu. Nikalishika. Upande wa pili mama mmoja akalishika.

"Nimeliona mimi," akasema.

"Nimeliona mimi, dada yangu, na ni la kipaimara."

"Na mimi ni la kipaimara. Unadhani nataka kulimia?"

Tukavutana. Yule mama alikuwa na nguvu, akalivuta gauni likapita juu ya kichwa changu, lasi ikanasa kwenye pini, na kilemba kikaenda nalo.

Soko zima likageuka. Nikabaki nimechuchumaa, kipara nje, mbele ya watu wa Soni wote. Yule mama akashika mdomo. Akaliachia gauni. "Maskini! Samahani mwenzangu, sikujua." Muuzaji naye akaliokota akanikunjia kwenye gazeti. "Chukua mama, nenda nalo nyumbani. Pole sana." Kila mtu pole, pole sana, jipe moyo. Nikadhani wameliona kovu! Nikasema asanteni, imeshatokea, nitafanyaje. Nikajifunga kilemba, nikaondoka mbio, nikapita njia ya mkato ya mashambani nisionane na mtu.

Njia yangu ya mkato ni ndefu. Habari ilipanda na gari.

Nilipofika karibu na nyumbani nikasikia kilio. Uani kwangu moto umewashwa. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, sufuria kubwa la jirani liko mafigani, kuni zimeshaletwa. Bi Zaina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu ambaye hajawahi kukosa msiba wa mtu yeyote, alikuwa ameshika kichwa anaongoza kulia. Wifi yangu Eliza alikuwa ameshuka garini muda ule ule, mkoba wake wa saluni umetupwa kwenye majani, anagaragara akimwita kaka yake. Na mwanangu Upendo amelala kifudifudi kwenye udongo, kanga imemfunguka, analia, "Tate! Tate! Baba yangu!"

Nikasema, "Jamani, kuna nini?"

Bi Zaina akanikumbatia. "Mwenzangu! Na ulikuwa unaficha! Umelibeba peke yako moyoni!"

"Nimebeba nini?"

"Baba Upendo!"

"Baba Upendo yuko Muheza!"

"Ndiyo, mama. Ndiko alikofia. Kaa chini."

"Hajafa!"

"Mshikeni," Bi Zaina akawaambia wenzake taratibu. "Bado hajakubali. Mimi nilikuwa hivi hivi kwa marehemu wangu."

Wakanishika mikono. Kadiri nilivyopiga kelele kwamba mume wangu ni mzima, ndivyo walivyozidi kunililia. Si wameambiwa kutoka Soni kwamba nimenyoa? Mwanamke amenyoa, mume yuko safarini, sasa kuna nini cha kuuliza? Na Upendo hakuinua hata uso. Kila aliposikia jina la baba yake alizidi kuuma udongo.

Ndugu zangu, nilimtazama mtoto yule akimlilia baba aliye hai kwa sababu ya kitambaa changu. Nikajichomoa mikononi mwao. Nikang'oa pini. Nikatupa kilemba kule. Nikaenda nikapiga magoti pale pale kwenye udongo mbele ya mwanangu, nikainamisha kichwa mpaka kikagusa mikono yake.

"Upendo, shika hapa. Hili si la msiba. Hii ni dawa ya nywele. Niliungua. Nilinyoa kwa sababu niliungua, nikakuficha kwa sababu niliona aibu. Baba yako hajafa. Shika."

Nikasikia vidole vyake juu ya utosi wangu. Vilikuwa vya baridi. Vikalizunguka lile kovu lote, polepole, kama mtu anayesoma gizani.

Akauliza, "Linauma?"

"Sasa haliumi."

"Ndiyo maana ulikuwa unanikataza?"

"Ndiyo."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaking'ang'ania. Akalia upya, ila kilio hiki kilikuwa kingine.

Ndipo Bi Zaina akafuta macho kwa upindo wa ushungi, akanitazama kipara kwa karibu, akatazama lile sufuria. "Kwa hiyo," akasema, "nimelia sauti yote ile kwa ajili ya nywele?"

Mtu mmoja akacheka akaziba mdomo. Wa pili akashindwa kuziba. Na tukiwa katika hali hiyo, kwenye ukungu wa njia ya chini wakatokea wanaume wawili wamebeba benchi. Mbele mzee wa jirani ambaye macho hayaoni vizuri. Nyuma, amekamata miguu ya benchi, mume wangu!

Kumbe alishuka kwenye lori pale barabarani, akamkuta mzee anahangaika na benchi. Akamwamkia, "Shikamoo mzee. Benchi linakwenda wapi?" Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kuna msiba hapo juu. Saidia nyuma." Naye huyu bwana niliyepewa na Mungu hakuuliza wa nani. Akabeba! Akabeba benchi la msiba wake mwenyewe mpaka uani kwake, akaliweka chini, akavua kofia, akakaa kwa heshima. Kisha akainua macho akaona watu wote wanamtazama yeye.

"Poleni," akasema. "Amefariki nani?"

Mnamwona pale anavyojificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Haleluya!

Upendo alimrukia wakaanguka wote na benchi. Chakula kilichopikwa cha msiba tukakila kwa kushukuru. Na baadaye jikoni Eliza akanifuata. Sikumlaumu, ndugu zangu. Aliniletea kile alichokiamini. Akasimama karibu na moto, akazifunua zile nywele zake nzuri nyuma ya sikio. Palikuwa na ngozi tupu, nyekundu.

"Na mimi, wifi," akasema. "Miaka miwili sasa. Ndiyo maana nazilaza upande huu."

Tukakaa pamoja kwenye kigoda kimoja.

Upendo alikwenda kupata kipaimara na gauni lile jeupe na nywele zake fupi kama alivyoziotesha Mungu. Siku ile nilitoka pale mlangoni nikakaa mbele, bila kilemba. Baridi ilinipiga utosini, siwadanganyi, lakini sauti ya pili niliiimba yote. Muuzaji wa Soni nilimrudia nimlipe, akakataa kwa kucheka. Alisema hajawahi kutoa rambirambi iliyompa raha namna ile.

Sikuja kuwakataza kupendeza. Sukeni, pakeni mafuta, vaeni. Mwanamke anayeamka kuchuma chai au kupalilia karoti anastahili kitu kizuri juu yake siku ya Jumapili. Ninachomshukuru Bwana ni kwamba alinitoa chini ya kitambaa, na aliniokolea mtoto kwa njia ambayo nilimkataza asiipite.

Na wewe uliyekaa na lako limebanwa kwa pini, usoni, mwilini, moyoni, sijui wapi: lile benchi mzee hakulichukua tena. Alisema libaki, limeshapata watu wake. Liko uani kwangu, chini ya mikaratusi. Njoo ukae. Mtumaini Bwana, vua mbele ya mtu mmoja tu anayekupenda. Usingoje mpaka mtu afe ndipo tukulilie; kwetu sisi tumeshajua kulia hata kwa ajili ya nywele.