Maksai wa Mokami

Kijiwe cha Kisaka ni benchi moja mbele ya duka la pembejeo, na tangu mvua zianze wanakijiwe walikuwa wakibishania mbegu tu. Asubuhi hiyo walipata kesi. Elieth, mwanafunzi wa chuo cha polisi aliyekuwa nyumbani kwa ruhusa ya msiba, aliitwa anywe kahawa. Hakujua kwamba kesi yenyewe ni ya Zablon, baba yake mdogo, aliyekuwa ameketi palepale akitabasamu.

– Afande, karibu! – alisema Waitara. Walimwita Jaji kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, na tangu siku hiyo hajanyamaza. – Jana mvua ilichanganya mifugo mtoni. Huyu kafika kwake na maksai mmoja wa ziada. Ni mwizi, si mwizi?

– Shikamoo, mzee. Kwanza hajashtakiwa. Labda aitwe mtuhumiwa.

– Mtuhumiwa, mshtakiwa, si yaleyale?

– Hapana. Mtuhumiwa anashukiwa tu. Mshtakiwa ameshafikishwa mahakamani.

– Mmesikia? – Zablon alijipiga kifua. – Binti yangu huyo!

– Halafu wizi unataka kitendo na nia – Elieth aliendelea, akijisikia mwalimu. – Ukimswaga ukidhani ni wako, kitendo kipo, nia ovu hakuna.

– Basi mwenye nia ni ng'ombe! – alidakia Ombeni, mchimbaji aliyetoka machimbo ya Kerende, ambaye jina lake la kijiweni ni Dhahabu. – Kaingia zizi la watu bila hodi. Hiyo ni jinai!

– Mshtakiwa wa kwanza mvua – Jaji alitoa hukumu. – Wa pili ng'ombe. Zablon ni shahidi.

– Tena wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe – Dhahabu aliongeza. – Na huyu ni maksai! Kesho Zablon amfunge alime.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Elieth naye alicheka, kisha akauliza:

– Baba mdogo, ulimtambua lini?

– Leo alfajiri. Sikio lake lina alama ya kina Mokami.

– Na bado yuko kwako?

– Si nakunywa kahawa kwanza?

Elieth hakucheka tena. Nia ovu inaweza kuzaliwa baadaye, mtu akishajua mali si yake, alijua hivyo, lakini huyu ndiye aliyemlea. Kabla hajasema, Mokami mwenyewe alitokea barabarani, matope mpaka magotini, fimbo mkononi.

– Shikamooni. Nimemtafuta maksai wangu hadi njia ya Nyansurura. Mwenzake amesimama shambani, peke yake hawezi kuvuta jembe. Kuna aliyemwona?

Jaji alichungulia kikombe chake. Dhahabu alifunga kamba ya kiatu. Elieth alijua jibu. Alimtazama baba yake mdogo, akamwombea kimoyomoyo aseme mwenyewe.

Zablon aliweka kikombe chini.

– Yuko kwangu, Mokami. Nimemjua tangu alfajiri, nikaja kukaa hapa. Nisamehe. Twende nikakukabidhi.

Mokami aliegemeza fimbo benchini. Kisha akaketi, akalia kwa sauti ndogo kama mtu aliyepona ugonjwa.

Elieth akampa kahawa yake. Zablon alisimama pembeni, kofia mkononi, akimsubiri Mokami amalize.