Mstari Ambao Katunge Hakuufuta

Baada ya miaka ishirini na minne katika kiwanda chetu cha rangi, Mama Katunge Nzioki anastaafu tarehe 31 Julai 1998. Aliajiriwa Thika mwaka 1974 kama karani wa taipu. Mashine ya Unix, kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, ilipoletwa mwaka 1991, alijifunza kuiendesha kwa vitabu alivyoazima chuoni Juja.

Ni yeye aliyetuondolea taabu ya kukariri amri. Aliandika faili moja ambalo mashine hulisoma kila mtu anapoingia: linamsalimu, linamchagulia printa, linamwekea orodha ya kazi zake. Watumiaji sitini, Thika na Ruiru, faili ni hilohilo. Aliyeweza kulibadilisha ni Katunge peke yake, kwa neno la siri ambalo, alivyopenda kutuchekesha, hata mume wake angetaka kulinunua asingeuziwa.

Machi 1996 tulimzika Muasya, mtunza bohari wa Ruiru, aliyezidiwa na mvuke wa rangi katika chumba cha matangi. Jumatatu iliyofuata, kila aliyeingia kwenye kompyuta alikuta mstari mpya chini ya salamu: "Fungueni madirisha kwanza."

Philip, msaidizi wa marehemu, alipiga simu kutoka Ruiru. "Mama, haya maneno umeandika wewe?"

"Mimi sijagusa kitu."

Katunge alilikagua faili. Lilikuwa limebadilishwa Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo ofisi ilikuwa imefungwa na sote tulikuwa makaburini. Katunge alikuwa amesimama kando yangu, akiimba. Mashine haikuonyesha kwamba mtu yeyote aliingia siku hiyo.

Wengine wetu tulikataa kukaa mbele ya skrini. Meneja akaamuru mstari ufutwe. Katunge, ambaye hakuwahi kukaidi agizo, alijibu: "Sifuti mpaka mtu akaangalie madirisha ya chumba cha matangi."

Philip alienda na nyundo. Yote yalikuwa yamepigiliwa misumari. Akayafungua moja baada ya jingine.

Siku tisa baadaye bomba la rangi lilipasuka katika chumba hicho, watu wanne wakiwa ndani. Wote walitoka kwa miguu yao, wakikohoa tu.

Kesho yake mstari haukuwepo tena, na hakuna aliyeufuta. Katunge akauandika upya yeye mwenyewe. Upo hadi leo.

Mama Katunge, wale wanne wamekuja kukuaga, na watoto wao. Asante. Nenda salama nyumbani Matuu, shamba likupe chakula na usingizi wako uwe mtulivu.